Kuandaa Nyaya za Nyumba kwa Gari Linalorudisha Umeme

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote linalohusu kazi yangu, ila lisiwe refu na lisiwe la siasa. Kazi yangu serikalini ni kupitia michoro ya umeme ya majengo kabla hayajajengwa, na kuyakagua yakisha kujengwa. Si kazi ya kusimulia kwenye karamu. Lakini naona wengi wetu tuliomo humu tumefika umri wa kujenga, na baadhi yenu mnajenga hivi sasa. Na hapo nje, chini ya miembe, limeegeshwa gari la mwenzetu mmoja ambalo halina injini wala ekzosi. Nyumba na gari la namna ile vinakaribia kukutana, na mahali vitakapokutania ni kwenye bodi ya umeme. Hilo ndilo nitakalolizungumzia.

Gari la umeme, kwa kifupi, ni betri kubwa yenye magurudumu. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ilikuwa na betri ya uniti 24, uniti hizi hizi tunazonunua za Luku. Ile iliyotoka mwaka 2017 ilikuja na uniti 40. Tumezoea kwamba umeme huingia garini, ukatumika barabarani, basi. Chaja ya njia mbili huufanya utoke pia: huchukua umeme wa betri, ambao ni wa mkondo mnyoofu, ikaugeuza kuwa mkondo geu wa kuendesha taa na friji za nyumbani.

Jambo hili si ndoto. Baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi, 2011, na ajali ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima, Japani ilikumbwa na upungufu mkubwa wa umeme, na watu wakaanza kuyatazama magari yao kwa jicho jingine. Mwaka 2012 ikaanza kuuzwa huko mashine iliyotengenezwa na kampuni ya Nichicon, yenye uwezo wa kilowati 6, ambayo huunganisha Leaf na nyumba. Marekani walifuata baadaye. Gari la mizigo la Ford F-150 Lightning, lililoanza kuuzwa mwaka 2022, liliweza kuipa nyumba kilowati 9.6.

Sasa, magari mengi tunayoendesha hapa yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na Leaf zimo. Hapo ndipo nataka kuwatahadharisha wale wenye haraka. Leaf ina matundu mawili puani. Lile dogo ni la kuingizia umeme wa kawaida, halitoi kitu. Lile kubwa, la mfumo uitwao CHAdeMO, ndilo linaloweza kupitisha umeme pande zote mbili, lakini ni lazima liwe na mashine yake upande wa nyumba. Mtu ataniambia: basi nitaagiza na mashine yenyewe kutoka huko huko, iliyokwisha kutumika, kwa bei nafuu. Ndugu yangu, umeme wa majumbani wa Japani ni volti 100, na kwa vyombo vikubwa 200. Wetu ni volti 230. Tena nusu ya nchi ile, upande wa Osaka, hutumia mizunguko 60 kwa sekunde, nasi tunatumia 50. Mashine iliyotengenezwa kwa nyumba ya Osaka haikutengenezwa kwa nyumba ya Kibaha, na hakuna fundi wa mtaani atakayeibadili kwa bisibisi.

Kwa hiyo rai yangu si kwamba mkanunue mashine. Mashine zitabadilika, kanuni ya kimataifa inayoruhusu umeme kwenda na kurudi kwa magari ya mifumo mipya, ISO 15118-20, imetolewa mwaka 2022 tu. Rai yangu ni juu ya ukuta, paipu na bodi, vitu ambavyo vikisha kupigwa lipu ni ghali kuvirudia.

Lakini kwanza hesabu, maana kuna wanaodhani gari litaendesha jiko la umeme. Chukua nyumba ya kawaida. Taa kumi za wati 9 zikiwaka saa sita hazifiki hata nusu uniti na robo. Friji ndogo nzuri itakula uniti moja au moja na nusu kwa siku. Feni mbili usiku kucha, televisheni saa nne, pampu ya kisima ya wati 750 kwa saa moja: jumlisha vyote, unapata kama uniti nne. Ukiwa na Leaf ya uniti 40, ukaacha nusu kwa ajili ya safari na kwa uzee wa betri, unazo uniti 20. Hizo ni siku tano. Sasa ongeza hita ya maji ya kilowati 3 na jiko la kilowati 6, na siku tano zimekuwa jioni moja au mbili. Angalieni pia pampu: inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa juu yake, na mashine ndogo itajizima hapo hapo.

Ndiyo maana maandalizi ya kwanza ni kuigawa bodi. Mwambie fundi tangu mwanzo akufanyie bodi mbili. Moja iwe ya vitu vya lazima: taa, friji, feni, pampu, soketi moja sebuleni na moja chumbani, na kile kisanduku cha intaneti ambacho vijana hawawezi kuishi bila yake. Ya pili iwe ya jiko, hita, pasi na viyoyozi. Gari, siku likija, litailisha ile ya kwanza peke yake. Kufanya hivi wakati wa kujenga ni nyongeza ya kisanduku kimoja na mita chache za waya. Kufanya baadaye ni kutindua kuta za nyumba yenye watu.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote yana haja. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Nakubali, na nafurahi. Lakini tarehe 1 Aprili ya mwaka huo huo, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, nchi ikakosa umeme. Wingi wa maji bwawani ni jambo moja, na nguzo iliyoanguka mtaani kwako kwa sababu ya mvua ni jambo jingine.

Na sasa nimefika kwenye nguzo, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Mnakumbuka somo la transfoma shuleni. Koili mbili, kiini cha chuma. Upande mmoja volti nyingi, upande wa pili chache. Kilichotupita wengi, kwa kuwa hakikuulizwa kwenye mtihani, ni kwamba kifaa kile hakijui upande wa mbele na wa nyuma. Transfoma ya mtaani kwako hupokea volti 11,000, pengine 33,000, ikakupa wewe 230. Ukiilisha volti 230 kutoka upande wako, itarudisha maelfu yale yale upande wa pili. Umeme umekatika, mafundi wamekuja, wamezima kule juu, wanaamini waya umekufa. Wewe uko ndani na gari lako linaunguruma kimyakimya, kama nitaruhusiwa kusema hivyo, na swichi kubwa hukuizima. Kijana aliye juu ya nguzo anashika waya.

Wako watakaosema kwamba haliwezekani, kwa sababu mzigo wa majirani utailemea mashine na itajizima. Mara nyingi ni kweli. Lakini waya ukiwa umekatika karibu na kwako, hakuna mzigo wa jirani hata mmoja. Upo wewe na yule fundi tu. Na hata kama hakuna transfoma kati yenu, volti 230 zinatosha kuua. Hatari hii haikuanza na magari. Jenereta ndogo zimekuwa nayo miaka yote, hasa pale mtu anapotengeneza ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili na kuuchomeka kwenye soketi ya jikoni. Nimekuta waya kama huo mara mbili katika ukaguzi, na mara zote mbili niliukata kwa koleo mbele ya mwenye nyumba. Sasa kuna magari, kama Hyundai Ioniq 5, yenye uwezo wa kutoa kilowati 3.6 kupitia soketi ya kawaida ili mtu achomeke birika au mashine ya kusaga akiwa shambani. Soketi hiyo ni kwa chombo kinachochomekwa moja kwa moja. Msiiunganishe na nyumba kwa waya wa plagi mbili, na mtu akiwaambia ameshafanya na hakuna kilichotokea, mwulizeni kama amewahi kupanda nguzo.

Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wetu huiita chenji ova. Sifa yake ni moja: kwa umbo lake haiwezi kushika upande wa gridi na upande wa gari kwa wakati mmoja. Usikubali breka mbili zilizopangwa pamoja na ahadi ya kwamba utakumbuka kuzima moja kabla ya kuwasha nyingine. Usiku wa giza, mtoto analia, hutakumbuka. Swichi ikate laivu na nyutro pamoja. Na nyumba ikisha kujitenga na gridi, nyutro ya ile mashine lazima iungane na ethi ya nyumba yako, au sivyo vifaa vya usalama havitatambua hitilafu. Kwa hiyo fimbo ya ethi iwe ya kweli, ipimwe kwa kipimo, tena wakati wa kiangazi ardhi ikiwa imekauka. Nimeona nyumba za ghorofa ambazo ethi yake ni nondo fupi iliyochomekwa kwenye kifusi.

Kuna kitu kimoja kipya ambacho hata mafundi wazuri bado hawajakizoea. Ile swichi ya usalama yenye kitufe cha kujaribia, ambayo mafundi huiita RCD na ambayo hukata umeme ukivuja, mara nyingi imetengenezwa kwa umeme unaotoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukitazama usoni pake utaona pengine imeandikwa upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Umeme ukija kinyume, baadhi yake huungua kwa ndani na kubaki zikionekana nzima. Uingereza iliona jambo hili, na mwaka 2024 wakarekebisha kanuni zao za nyaya, BS 7671, ili kulishughulikia. Njia itakayolisha umeme kutoka garini iwe na kifaa cha pande mbili. Licha ya hayo, umeme mnyoofu ukivuja kidogo kutoka kwenye betri huweza kuipumbaza RCD ya kawaida isikate hata pale inapopaswa. Kwa hiyo mashine iwe na ulinzi wake wa mvujo huo, na fundi asome maelezo yake kabla ya kufunga.

Mengine ni mepesi. Mashine ya kilowati 7 huvuta kama amperi 30, na si kwa dakika kumi kama pasi, bali kwa saa tano au sita mfululizo. Waya uwe wa milimita 6 za mraba, au 10 kama gari linalala mbali na bodi. Zikeni paipu pana, milimita 32, kutoka kwenye bodi hadi mahali pa gari, na nyingine nyembamba kando yake kwa waya wa mawasiliano, kisha nyingine kutoka kwenye bodi hadi kwenye mita. Ndani ya kila paipu acheni kamba ya kuvutia waya. Ukuta utakaobeba mashine uwe wa tofali, kivulini, kwa sababu jua huipunguzia nguvu.

Kuhusu Luku: msirudishe umeme kwa shirika bila kibali na bila mita ya pande mbili. Baadhi ya mita za kielektroniki huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, ukajikuta unalipia ulichotoa. Na fundi awe na leseni ya EWURA. Mwambieni awaonyeshe, hatakasirika akiwa anayo.

Nimechora mchoro wa bodi hizo mbili, pamoja na swichi na mahali pa paipu, katika karatasi moja. Nimemkabidhi Katibu nakala thelathini. Mwenzetu mwenye gari amekubali kutufungulia pua yake tukayaone matundu yale mawili, ila ameomba tuwahi kabla ya chakula, kwa sababu ana safari ya kurudi Morogoro na anataka kwanza kulichaji.