Unene wa Kamba Usisahauliwe



Katika Githurai 45, mtaa uliopata jina lake kwa namba ya basi, majumba ya ghorofa yamesimama kwa wingi kando ya njia kuu ya Thika. Kazi ya kuyajenga yataka mchanga, saruji na mawe vipandishwe juu. Mahali pasipo na mashine kubwa, fundi aweza kufunga kapi juu, na chini akaweka gogo la kuzungushia kamba, lenye mpini. Leo nataka kuwaelezeni jambo moja dogo la vyombo hivyo, liwezalo kuokoa maisha ya mtu.

Tuseme kipenyo cha gogo, yaani upana wake ukipimwa kupitia katikati, ni sentimita 20. Fundi huzidisha 20 kwa 3.14, akapata ya kuwa kila mzunguko huvuta sentimita 63 za kamba. Ikiwa ndoo imebakiza mita 6.5 kufika kwenye kapi, ataona mizunguko 10 ni salama. Sivyo hata kidogo. Kamba ikipindwa, upande wa ndani hubanwa na upande wa nje hunyoshwa. Katikati ndipo urefu usipobadilika. Kwa hiyo duara la kweli hupita katikati ya kamba. Kamba ikiwa na unene wa sentimita 2, kipenyo cha kuhesabia ni 22. Basi kila mzunguko huvuta sentimita 69, na mizunguko 10 huvuta mita 6.9. Ndoo itaigonga kapi kabla hesabu haijaisha. Kamba yaweza kukatika, na mzigo ukawaangukia walio chini.

Tena, kamba ikijikunja juu ya kamba, kipenyo hicho hufika karibu sentimita 26. Mzigo hupanda upesi zaidi, lakini mpini nao huzidi uzito mkononi.

Kapi nayo isiwe ndogo mno, maana kupindwa sana huvunja nyuzi. Kwa kawaida kamba ya waya ya milimita 10 yataka kapi ya sentimita 18 au zaidi, ikipimwa ndani ya mfuo wake.

Basi, enyi mafundi, pimeni gogo, pimeni na kamba. Tieni alama ya rangi mahali kamba ipaswapo kukomea, wala mtu asisimame chini ya mzigo. Sentimita 6 ni kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.