Jina Baya la Mtaa Huandikwa na Nani?

(Hotuba iliyosomwa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Singida)



Nilipoletewa mwaliko wa kuja kuzungumza nanyi niliombwa niseme juu ya maisha ya mjini. Mambo ya mjini hayana mwisho, kwa hiyo nimechukua moja tu, ambalo kila mmoja wetu hulifanya bila kufikiri: kumpima mtu kwa mtaa anaokaa. Mfano wangu utakuwa Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko ninakofanya kazi, na huko ndiko wengi wenu mlikopitia au mtakakohamishiwa. Lakini mkinisikiliza nawaombeni msiache kuufikiria mji wenu huu.

Nianze kwa kuungama. Mimi ni mzaliwa wa Iramba. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, na kila likizo nilikaa kwa mjomba wangu Mbagala, upande wa kusini wa jiji. Tarehe 29 Aprili mwaka huo ghala la silaha la Jeshi lililoko huko lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba nyingi zilibomoka, na watoto walikimbia ovyo wasijue waendako. Ukuta mmoja wa nyumba ya mjomba ulipasuka tangu juu hata chini. Wiki chache baadaye nilikwenda katika ofisi moja kuomba kibarua cha muda. Karani akaniuliza ninakaa wapi, nami nikamjibu. Akacheka, akamgeukia mwenzake na kumwambia, "Huyu katoka kwa mabomu." Fomu ya pili niliyojaza, katika ofisi nyingine, niliandika kuwa ninakaa Sinza, kwa rafiki yangu. Hata hapo kazi sikuipata. Nilichopata ni aibu ya kuikana nyumba iliyonilisha, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza sifa hizi za mitaa zilitoka wapi.

Ndugu zangu, hazikutoka kwa wakazi. Zilitoka ofisini. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huo huo wakaweka amri juu ya aina ya nyumba zinazoweza kujengwa mahali gani. Mwaka 1914 mgawanyo huo ulitiliwa nguvu zaidi. Waingereza walipoingia waliupokea kama mrithi anavyopokea shamba. Ufukwe wenye upepo wa bahari ukawa Uzunguni. Katikati, penye maduka, pakawa Uhindini. Na Mwafrika akasukumwa nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi ili kuwatenganisha watu. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya kambi ya wapagazi wa vita, walioitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", nasi tukaligeuza kwa ulimi wetu. Katika miaka ya 1930 Oyster Bay ilianza kujengwa kwa ajili ya Wazungu. Ulipotoka Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1949, maneno ya rangi yalianza kufichwa, yakawekwa maneno ya hesabu: eneo la nyumba chache, eneo la nyumba za wastani, na eneo la nyumba nyingi. Kila mtu alijua nani atakaa wapi. Uhuru ulipokuja tulibadilisha wakazi wa baadhi ya nyumba zile, na haki ilitutaka tufanye hivyo, lakini ile ramani ya heshima na dharau tuliibakiza vichwani.

Na maneno tuliyabakiza pia. Mpaka leo msomi wa Kitanzania husema "uswahilini" huku amekunja pua, naye ni Mswahili, na lugha anayokunjia pua ni Kiswahili. Sijui kasumba kubwa kuliko hiyo.

Naomba sasa niwape kisa kimoja kinachoonyesha vizuri jinsi mtaa unavyopewa jina. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata. Wakazi wa huko walichoshwa na moshi na inzi, wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likageukia Kunduchi Mtongani. Wakazi zaidi ya 700 wakaenda mahakamani nao, na mwaka 1991 Mahakama ikawapa haki vilevile. Hukumu hizo mbili zinasomwa hata leo na wanafunzi wa sheria, nami nazisifu. Lakini taka hazifutwi kwa hukumu. Zilikwenda Vingunguti, kwenye machinjio na mabwawa ya maji machafu, kisha zikapelekwa Mtoni upande wa Temeke, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Basi mtu apitaye Vingunguti katika miaka ile akiwa ndani ya gari alifunga kioo na kusema, "Watu wa huku wachafu." Uchafu ule ulikuwa wa jiji zima, pamoja na wa nyumba yake. Wao walikuwa wamepangiwa kuupokea.

Hivyo ndivyo upande mmoja wa mji unavyopata sifa. Ofisi huweka huko dampo, ghala la silaha, gereza, viwanda na maroli, yaani kila kitu ambacho upande wa pili hautaki kukisikia wala kukinusa. Halafu vitu hivyo hugeuzwa kuwa ushahidi wa tabia za watu wanaoishi kando yake.

Wapo watakaoniambia: mbona vibaka wapo? Wapo. Sikuja hapa kuwadanganya. Mwanamke anayerudi kutoka kazini usiku na kushuka Manzese anajua vichochoro gani asipite, na anajua kuliko mimi na ninyi. Lakini tazameni, anayeibiwa kwanza na kibaka wa Manzese ni mtu wa Manzese. Mtaa ule ulijaa wafanyakazi hasa baada ya kiwanda cha nguo cha Urafiki kufunguliwa mwaka 1968. Ni mtaa wa watu waliokuwa wakiamka alfajiri kuwahi zamu. Ulikua haraka kuliko viwanja vilivyopimwa, kwa sababu jiji liliwahitaji watu kazini na halikuwahitaji kitandani. Katika miaka ya 1970 Serikali iliacha siasa ya kubomoa na ikaanza kuboresha makazi ya aina hiyo, Manzese ikiwa miongoni mwa mitaa ya kwanza. Leo makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kiasi cha asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika mitaa isiyopimwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya "uswahilini" tunazungumza juu ya jiji lenyewe. Mwalimu Nyerere alipokuwa akiihangaikia TANU aliishi Magomeni, na nyumba ile ingalipo.

Hapa lazima nijikosoe mimi na wenzangu wa kalamu. Mwizi wa redio akikamatwa Tandale, twaandika katika mstari wa kwanza: "Kijana mkazi wa Tandale." Ofisa aliyefuja mamilioni akikamatwa, naye anakaa Masaki, twaandika wadhifa wake, twaandika umri wake, na Masaki hatuitaji. Mimi mwenyewe nimeandika habari za namna hiyo. Hakuna mhariri aliyenishurutisha. Kalamu ilikwenda yenyewe. Baada ya miaka michache ya habari hizo msomaji aliyeko Singida, ambaye hajawahi kufika Tandale, anajua kwa yakini kwamba Tandale ni mtaa wa wezi na Masaki ni mtaa wa watu wema.

Na Serikali nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Katika kampeni ya Nguvukazi ya mwaka 1983 watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam kwa kudhaniwa ni wazururaji. Nia ilikuwa watu wafanye kazi, na nia hiyo siibezi, lakini mchuuzi wa karanga hakuwa na cheti cha kuonyesha, na sura ya mtaa wake ilimshuhudia vibaya. Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi wa kundi la Panya Road ulilikimbiza jiji usiku mmoja. Mamia ya vijana walikamatwa. Sisemi wote walikuwa malaika. Nasema tu kwamba sikusikia habari za msako Oyster Bay.

Vijana wenyewe walijibu kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Juma Nature na wenzake walilichukua jina la Temeke, ambalo wengine walilificha katika fomu kama nilivyolificha mimi la Mbagala, wakalifupisha TMK na kulitangaza nchi nzima. Diamond Platnumz hajaficha kwamba alikulia Tandale. Wazee wengi hawapendi muziki huo, na mimi sikuja kuuamua ugomvi huo. Ila najua kwamba mtoto wa Temeke wa wakati ule alitembea kifua mbele, jambo ambalo sisi wasomi hatukuwa tumemsaidia kulipata.

Kuna rafiki aliyenipinga akasema, "Huu ni utani tu wa mjini." Ndugu zangu, sisi watu wa mkoa huu tunaujua utani. Mtani hukutukana leo, kesho wewe humtukana, na ukifiwa yeye ndiye anayekuja kuchekesha waombolezaji na kuchimba kaburi. Utani una njia mbili. Karani aliyenicheka mimi alikuwa na fomu mkononi, nami sikuwa na kitu cha kumrudishia. Tena sisi tunajua ladha yake: nikisema Dar es Salaam kwamba natoka Singida, naulizwa kama huko kuna kitu zaidi ya upepo na kuku. Hucheka pamoja nao. Lakini nikikumbuka kuwa mwenye kuuliza ndiye pia mwenye kugawa fedha za miradi, kicheko hukatika.

Nimekuwa hapa siku nne. Katika siku hizo nimesikia mara tatu, mara moja katika ofisi na mara mbili kwa walimu, mtaa mmoja wa mji huu ukitajwa kwa namna ile ile ambayo Mbagala hutajwa. Sitautaja, nisije nikauongezea mzigo. Mwalimu mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba watoto watokao huko "si wa kusoma." Nilimwuliza amefundisha wangapi. Akafikiri, akasema darasani mwake wapo wanane. Nikamwuliza wa kwanza katika mtihani uliopita alikuwa nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ni binti mmoja, naye anatoka huko huko, "lakini huyo ni tofauti."

Ndugu Mwenyekiti, mwalimu huyo yuko ukumbini humu na ameniruhusu nikieleze kisa chake bila kumtaja jina. Nimeambiwa pia kwamba wapo watumishi wawili waliohamishiwa hapa kutoka Temeke. Naomba, kabla ya maswali, wao wapewe nafasi ya kusema.