Chaza Kati ya Joto na Chumvi



Mfugaji wa kuku akiona banda limepata joto hufungua dirisha. Mfugaji wa chaza hana dirisha. Chaza naye hana miguu ya kuhamia pengine. Maji yakiharibika hufunga gamba lake akangoja.

Tuitazame Ghuba ya Chesapeake, mashariki ya Marekani. Upande wa juu mito huingiza maji yasiyo na chumvi, upande wa chini bahari huingiza yake. Mwaka 1959 ulionekana humo ugonjwa wa chaza uitwao MSX. Mwingine, Dermo, ulikwisha kujulikana katika Ghuba ya Mexico tangu miaka ya 1940. Yote miwili huletwa na vimelea visivyoonekana kwa macho. Mlaji havimdhuru, bali mfugaji humwacha na magamba matupu.

Sasa sikilizeni habari ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari kuu ina chumvi gramu 35 hivi. Kimelea cha MSX hakiwezi kuishi penye chini ya gramu 10. Dermo ni sugu zaidi, lakini huua hasa maji yakiwa ya chumvi na joto likipita nyuzi 20 za Sentigredi. Ndiyo sababu ukame wa katikati ya miaka ya 1980 ulileta msiba: mito ilipungua, chumvi ikapanda hadi sehemu za juu za ghuba, na Dermo ikapanda nayo. Mvua ziliporudi, yenyewe haikuondoka.

Basi mfugaji aombe mvua? Hapana, asiharakishe. Mwaka 2019 mto Mississippi ulifurika, na mlango wa kupunguzia maji wa Bonnet Carré, karibu na New Orleans, ukafunguliwa mara mbili, jumla siku 123, hadi mwezi wa Julai. Maji ya mto yakajaa pwani ya jimbo la Mississippi na chaza wakafa karibu wote. Wakati wa baridi chaza aliyefunga gamba huweza kukaa wiki nyingi, maana mwili wake hutumia akiba kidogo kidogo. Wakati wa joto akiba hiyo huisha upesi. Akifungua hufa, asipofungua hufa.

Wafugaji wa Chesapeake wamepata njia ya kupunguza hasara: hutumia chaza tasa, wasiopoteza nguvu kwa kuzaa, ambao hukua upesi wakauzwa kabla Dermo haijawamaliza.

Kwetu pwani, anayetaka kufuga chaza kwenye mkono wa bahari asianze na kununua vizimba. Aanze na kipimajoto na kipima chumvi, aandike mwaka mzima, kiangazi na masika. Wakulima wa mwani wa Unguja, ambao kotonii yao imekuwa ikioza maji yakipata joto, watamweleza kwa nini.