Deni na Ujauzito: Tarehe ya Kujifungua Iandikwe kwenye Ratiba ya Marejesho

Mada iliyotolewa na Idara ya Akiba na Mikopo mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili



Tumeombwa kuzungumzia marejesho ya mikopo katika vikundi vyetu. Katika mada hiyo pana tumechagua kundi moja la wakopaji, nalo ni akina mama wanaolipa deni wakiwa wajawazito. Mama huyu ana tarehe mbili zisizongoja: siku ya marejesho na siku ya kujifungua. Ya kwanza imo katika daftari la kila kikundi. Ya pili mara nyingi haijaandikwa popote, ingawa kila aliyeketi mkutanoni anaiona ikija.

Hali ilivyo

Wanachama wetu wengi ni mama ntilie, wauza mboga, washona nguo na wakulima wadogo. Biashara ikisimama leo, kipato kinasimama leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwalimu mwenye mkopo wa SACCOS anaendelea kukatwa kwenye mshahara ambao bado unaingia. Mama anayeuza ndizi sokoni hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Likizo ya deni, kama ataipata, atapewa na kikundi chake.

Asipoipata, wengi wenu mnayajua yanayofuata. Huacha kliniki kwa sababu siku ya kliniki imegongana na mkutano wa marejesho, wakati Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito akutane na wahudumu wa afya si chini ya mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Hupunguza chakula chake ili rejesho litimie. Hutoa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya glovu, mpira wa kuzalia na nauli ya kwenda kituo cha afya. Hurudi sokoni na kichanga cha wiki mbili.

Wengine hukopa kwingine ili kulipa kikundi. Hapo ndipo wanapoangukia mikopo inayoitwa kausha damu, au mikopo ya kwenye simu isiyo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa mtandao zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nyumba yenye mtoto mchanga isiwe mahali pa kuutimiza msemo huo.

Maandiko yanavyotuelekeza

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Sura hiyo hiyo inamwagiza mkopeshaji asiingie ndani ya nyumba kuchukua rehani, bali asimame nje. Tuangalie vizuri: deni halikufutwa. Aliyewekewa mipaka ni mdai. Leo jiwe la kusagia ni cherehani na ni sufuria za mama ntilie, na kwa mama aliyejifungua juzi ni nguvu ya mwili wake.

Hivyo basi, hatuwaombi kusamehe madeni. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini dawa yoyote hutolewa kwa kipimo cha mgonjwa.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mama aliyekopa shilingi 600,000 akiwa na mimba ya wiki 20. Riba ni asilimia 10 ya mkopo wote, kwa hiyo anadaiwa shilingi 660,000 kwa wiki 24, yaani shilingi 27,500 kila wiki. Akilipa bila kukosa, mimba ikifika wiki ya 38 atakuwa amelipa mara 18, jumla shilingi 495,000. Zimebaki shilingi 165,000.

Kikundi kikimpa mapumziko ya wiki 12, sawa na siku 84 za mwajiriwa, kisha akaendelea kwa nusu ya kiwango cha awali, yaani shilingi 13,750 kwa wiki, atamaliza deni lote katika wiki 12 zinazofuata. Kikundi hakikupoteza hata senti moja ya mkopo wala ya riba. Kimesubiri tu.

Sasa tuone njia nyingine. Kikundi hakikukubaliana naye lolote, na kinatoza faini ya shilingi 5,000 kwa kila wiki ya kuchelewa. Baada ya wiki 12 hizo hizo faini imefika shilingi 60,000, zaidi ya theluthi ya deni lililobaki, na mkopo wenyewe haujapungua. Mama wa namna hii huanza kuukwepa mkutano, na wadhamini wake wanamtafuta nyumbani.

Mapendekezo kwa katiba za vikundi

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka watoa huduma katika madaraja manne, na vikundi vya kijamii viko daraja la nne. Kikundi chenu kina katiba yake. Tunapendekeza mambo matano yaingizwe humo.

1. Tarehe ya makadirio iliyo kwenye kadi ya kliniki iandikwe wakati wa kupanga ratiba ya mkopo, kwa ridhaa ya mama, na ibaki kwa katibu na mweka hazina. Isitumike kamwe kumnyima mkopo. Mama akijua kuwa ujauzito utamkosesha mkopo, ataficha, na mpango wote utaharibika.

2. Ombi la mapumziko lifanywe kwa maandishi kabla ya mwezi wa nane kwisha. Makubaliano yaonyeshe deni lililobaki, siku ya kusimama, siku ya kuanza tena na kiwango kipya. Yasainiwe na mama, wadhamini na mwenyekiti, na mama apewe nakala yake. Ahadi ya mdomo husahaulika uongozi unapobadilika.

3. Ndani ya mapumziko kusiwe na faini wala nyongeza ya riba, na wadhamini wasidaiwe.

4. Mweka hazina ahakikishe ratiba mpya haivuki siku ya mgao wa mwaka. Ikivuka, kikundi na mama wakubaliane mapema kama salio litakatwa kwenye hisa zake au litahamia mzunguko mpya.

5. Mtoto akifariki, au mimba ikiharibika, mapumziko yabaki palepale. Mama huyo naye anahitaji kupona. Na mama mwenyewe akifariki, katiba iseme wazi deni litalipwa kutoka wapi, ili asiwepo mtu wa kufika msibani na daftari.

Aidha, baba wa mtoto aitwe wakati wa kusaini. Mara nyingi mkopo umekwenda kwenye ada, bati au mbolea ya nyumba nzima, na rejesho limebaki kuwa la mama peke yake. Kama baba ana kipato, makubaliano yaonyeshe sehemu atakayolipa.

Kwa akina mama wenyewe tuna neno moja: semeni mapema. Anayekwenda kwa mwenyekiti kabla ya kukosa rejesho la kwanza huonekana mtu wa kupanga. Anayekwenda baada ya kukosa manne huonekana anatafuta udhuru, hata kama shida yake ni ile ile. Na fedha za kujifungulia ziwekwe kando na fedha za marejesho tangu mwanzo.

Gharama ipo

Wapo watakaosema kikundi kitakosa fedha za kukopesha. Hoja hiyo ina ukweli. Shilingi 165,000 zinazosubiriwa ni mkopo ambao mwanachama mwingine ataungoja. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe ijulikane mapema: mweka hazina anayejua kwamba wanachama watatu watajifungua kati ya Machi na Mei anaweza kupunguza ukubwa wa mikopo ya miezi hiyo. Asiyejua atashtukizwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini tukiubeba pamoja kila mmoja atajua uzito wake.

Ombi kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, fomu nyingi za taarifa huuliza ni asilimia ngapi ya mikopo imechelewa zaidi ya siku 30. Kipimo hicho ni kizuri na hatuombi kiondolewe. Lakini mama aliye kwenye mapumziko yaliyoandikwa na kusainiwa huingia katika hesabu ile ile na mtu aliyekimbia deni. Kiongozi wa kikundi akiona takwimu yake itashuka, atambana mama. Tunaomba safu moja ya ziada: mikopo iliyopangiwa ratiba mpya kwa sababu ya uzazi, na ngapi kati ya hiyo ililipwa kwa ratiba hiyo mpya. Hapo mtaona ukweli wa marejesho, nasi hatutakuwa na sababu ya kuwasukuma wazazi ili karatasi ipendeze.

Kwa kamati za parokia, tunaomba jambo moja kabla hatujaonana tena robo mwaka ijayo. Kila kamati ikutane na viongozi wa vikundi vyake, ifungue katiba zao, na iulize: mwanachama wetu akijifungua wiki ijayo, katiba inasema nini kuhusu deni lake? Kama haisemi kitu, kazi ianzie hapo.