Mapenzi, Wivu na Ng'ombe wa Mahari

Hotuba ya ofisa uhusiano wa polisi mbele ya baraza la wananchi, Nkoma, Mbale



Huenda mlitarajia nizungumzie magendo. Leo nitazungumzia mapenzi, kwa kuwa kesi nyingi zinazotuamsha usiku huanza na neno hilo.

Siku moja alifika kituoni mtu mzima, mwenye heshima zake, akataka tuandike kwamba mkewe ameibwa. Mke alikuwa amerudi kwa wazazi wake, ng'ambo ya mto Lwakhakha. "Nilitoa ng'ombe 6," alisema, "nami ninampenda. Mnirudishie." Nilipomwomba maelezo, aliwataja ng'ombe wale mmoja mmoja, rangi zao na pembe zao. Nikamuuliza mkewe alisema nini siku ya kuondoka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akajibu: "Alisema amechoka kuogopa."

Simcheki mzee huyo. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na sina shaka kwamba nyumba yake ilikuwa imepoa. Lakini kumtamani mtu ni jambo moja, na kudhani kwamba umemnunua ni jambo jingine. Yeye alikuwa ameyafunga yote mawili kwa kamba moja.

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili: upendo, mapenzi, mahaba, huba. Wivu una neno lake peke yake, lakini sisi tumeupa cheo cha ushahidi. Tunasema asiyepigwa hapendwi, na nimewasikia hata akina mama wakilisema hilo kwa kicheko. Mtanisamehe, mama zangu. Nimeandika maelezo ya waliopigwa kwa miaka mingi, na sikumbuki hata mmoja aliyeniambia kwamba usiku ule alijihisi kupendwa.

Kuhusu ng'ombe, sheria imekwisha kusema, na kesi yenyewe ilianzia kwa majirani zetu. Shirika la MIFUMI, lenye jina la kijiji cha wilaya ya Tororo, lilikwenda mahakamani kupinga mahari. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Wazee, msiondoke na habari nusu: mahari yenyewe haikufutwa. Mpeni mkwe heshima yake kama zamani. Kilichokatazwa ni kumfunga mwanamke ndani ya ndoa kwa sababu baba yake hana ng'ombe wa kurudisha.

Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 31, inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya mume na mke, nao wawe wametimiza miaka 18. Vijana, hapa sina utani. Binti wa miaka 16 akikuambia anakupenda, huenda ni kweli. Mbele ya hakimu kauli hiyo haitakuokoa.

Na asiwepo anayedhani kwamba kuvuka mpaka ni kuikimbia sheria. Sisi tuna Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010. Kenya wana yao ya mwaka 2015. Yetu inahesabu pia vitisho, matusi ya kudhalilisha na kumnyima mwenzako fedha za matumizi. Anayekagua simu ya mkewe kila jioni huku ameshika fimbo asituambie kwamba ni mahaba.

Mwenye shida kama hiyo, awe mwanamke au mwanamume (nao wapo, ila huona haya), aulizie kituoni Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Si lazima uje na jeraha. Usiku piga 999 au 112. Kwa jambo la mtoto, 116. Ukiogopa kuja peke yako, njoo na shangazi, au na mwenyekiti wetu huyu. Amekubali mbele yenu.

Sasa nitapokea maswali, nikianza na yule mama aliyeketi chini ya mwembe, ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja ng'ombe.