Unga Bila Ngano: Pakiti ni Ahadi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia mjini Eldoret. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mlipotuona tukiingia na jiko, pani na mabakuli, wengine walinong'ona kwamba leo ni sherehe. Si sherehe, ingawa mtaonja. Leo tunataka kuzungumza juu ya chapati za maji zisizo na ngano hata chembe, zile ambazo watoto wa shule wanaziita pankeki. Tutazungumza pia juu ya unga wake uliochanganywa tayari na kutiwa katika pakiti, kwa sababu vikundi vitatu vimetuuliza kama hiyo si biashara nzuri.

Tunajua mtasema: sisi ni watu wa Uasin Gishu. Ukitoka mjini kwenda Moiben macho yako hayaoni ila ngano na mahindi. Kwa nini tupike bila ngano? Swali ni la haki. Lakini kabla ya ngano kuletwa na walowezi katika nyanda hizi, wazee wetu walikula wimbi na mtama. Wimbi ni nafaka ya Afrika Mashariki tangu zamani za kale. Kwa hiyo hatuleti jambo geni. Tunarudi jikoni kwa bibi.

Hebu tazameni hapa kwanza. Huyu mama ameshika donge la unga wa ngano uliokandwa. Analiosha polepole katika beseni la maji. Maji yanageuka meupe kama maziwa. Huo ni wanga unatoka. Sasa fungua mkono, mama. Mnaona kilichobaki? Kitu kama mpira, kinavutika. Kitu hicho kinaitwa gluteni. Ndicho kinachofanya chapati ya kusukuma isikatike na mkate uumuke. Kimo ndani ya ngano, ndani ya shayiri, na ndani ya nafaka ya Ulaya inayoitwa rai. Hakimo ndani ya wimbi, mtama, mahindi, mchele wala muhogo.

Kwa wengi wetu gluteni haina neno. Lakini kuna watu ambao miili yao haiivumilii. Ugonjwa wao unaitwa siliaki. Wakila ngano, hata kidogo, kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba wenyewe, na utumbo ukiharibika chakula hakiingii mwilini. Mtoto anaharisha, tumbo linavimba, damu inapungua, hakui. Mganga wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya vita, 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, aliona watoto wake wagonjwa wanapata nafuu badala ya kuzidiwa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mpaka leo dawa yake ni moja tu: kuacha gluteni maisha yote.

Sasa tuwasimulie yaliyotupata sisi wenyewe. Mama mmoja wa kikundi chetu ana binti wa miaka minane. Kwa muda mrefu mtoto alikuwa anaharisha. Alipewa dawa za minyoo, akapewa dawa za ameba, majirani wakasema mama hamlishi vizuri. Mwishowe daktari alimpima damu na utumbo, akasema ni siliaki. Mama akatafuta dukani mjini, akapata pakiti moja kutoka ng'ambo, mchanganyiko wa pankeki bila gluteni. Bei yake ingenunua gorogoro kadhaa za wimbi. Alinunua moja tu. Mtoto alikula, akafurahi, hakuumwa. Pakiti ilipokwisha, mama alituletea ile karatasi akasema, "Wameandika mchele, mahindi na wanga wa viazi. Si hivi tunavyo nyumbani?"

Tukasema kweli, tunavyo. Tulinunua wimbi na mchele sokoni, tukaongeza muhogo mkavu, tukapeleka kwenye mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa amesaga ngano yake. Hakuna kati yetu aliyefikiria neno. Tulipika tukiimba. Baada ya siku chache mtoto alikuwa kitandani, anaharisha kama mwanzo.

Jameni, kosa lilikuwa letu. Si la mwenye mashine, kwa maana hatukumwambia kitu. Tulikwenda nyumbani kwa yule mama, tukamwomba msamaha. Alisema neno ambalo hatujalisahau: "Mlinipa chakula mkaniambia ni salama. Mimi sikuuliza tena kwa sababu ni ninyi."

Ndiyo maana tunasema pakiti ni ahadi. Anayenunua unga huu hawezi kuukagua kwa macho. Anakuamini. Kiwango cha kimataifa kinasema chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kikiingia katika kilo moja ya unga wako, umevuka kiwango hicho zaidi ya mara kumi. Na katika mashine ya kusaga hubaki zaidi ya kijiko kimoja.

Basi, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, nafaka. Wimbi la sokoni huwa na punje za ngano, mawe na takataka. Lipepete, ulichague kwenye sinia kwa mwanga wa mchana, ulioshe, ulianike kwenye turubai safi. Usitumie gunia lililowahi kubeba ngano au unga wake.

Pili, ukavu. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi iliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Pima hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na nafaka, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi, rudisha juani.

Tatu, muhogo. Muhogo mchungu una sumu yake. Umenywe, ulowekwe au uvundikwe vizuri, kisha ukaushwe. Kama humjui aliyeutayarisha, usinunue.

Nne, kusaga. Usisage mahali panaposagwa ngano au shayiri, hata kama mwenye mashine atakwambia amepangusa. Kikundi chetu kilichanga pesa kikanunua kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono. Ni kazi ngumu, mikono inauma, lakini tangu siku ya kwanza kinu hicho hakijaguswa na ngano. Vikundi kadhaa mnaweza kuungana kununua kimoja.

Sasa mchanganyiko. Kwa kilo moja: nusu kilo ya unga wa wimbi, robo kilo ya unga wa mchele, robo kilo ya unga wa muhogo. Ongeza bekin pauda vijiko vikubwa vinne na chumvi vijiko viwili vya chai. Soma kopo la bekin pauda kwanza, maana nyingine huwekewa wanga wa ngano. Chekecha vyote pamoja mara tatu ili bekin pauda ienee. Tia katika mifuko mikavu, funga kabisa, weka mbali na jua na unyevu.

Kupika: vikombe viwili vya mchanganyiko, mayai mawili, mafuta vijiko vikubwa viwili, sukari ukipenda. Tia maziwa kikombe kimoja na nusu, koroga, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka uji uanguke kutoka kwenye mwiko kama utepe mzito. Maziwa lala yanafaa pia. Halafu subiri dakika 15. Msiharakishe hapa. Unga wa wimbi na mchele hunywa maji polepole. Ukipika mara moja chapati itakuwa na mchanga mdomoni. Uji ukizidi kuwa mzito baada ya kusubiri, ongeza maziwa.

Moto uwe wa wastani. Mimina upawa mmoja, acha mpaka juu patoke matundu na pembeni pakauke, ndipo ugeuze. Hapa hakuna ule mpira wa gluteni wa kushikilia. Ni yai na muhogo vinavyoshika. Kwa hiyo fanya ndogo ndogo, na usigeuze mapema. Itakatika, halafu utasema unga ni mbaya.

Yule binti alikuwa ameona kwenye ile pakiti picha ya mkate wenye vyumba vyumba, akaomba huo. Unaitwa wafo. Unga ni ule ule, ila uji uwe mzito kidogo na mafuta yaongezwe kijiko kimoja. Unapikwa katikati ya vyuma viwili vinavyofungana, vya stima au vya kuweka juu ya makaa. Paka mafuta pande zote mbili, funga, usifungue mpaka mvuke upungue. Ukifungua mapema unapasuka mara mbili. Lakini angalieni: tuliazimwa chuma kilichotumika, na tulipochokoa vile vishimo kwa kijiti tulikuta makombo ya zamani ya ngano. Tulikirudisha. Kwa mgonjwa wa siliaki chuma kiwe chake. Vivyo hivyo mwiko wa mbao, na mafuta yaliyokaangiwa mandazi yasitumike tena kwa chakula chake.

Juu ya biashara, tuseme ukweli. Unga huu una wateja: wagonjwa, mahoteli, na watu wanaopenda wimbi tu. Kuuza katika pakiti kunahitaji idhini ya afya kutoka kaunti na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Na mpaka unga wenu upimwe katika maabara, msiandike "hauna gluteni". Andikeni kilichomo: wimbi, mchele, muhogo, bekin pauda, chumvi. Mteja akiuliza, mwelezeni mlivyosaga. Kupoteza mteja mmoja kwa ukweli ni afadhali kuliko kumlaza mtoto wake.

Pia msitoke hapa mkatangaza kwamba ngano ni sumu. Kwa asiye na ugonjwa huu, chapati ya ngano ni chakula kizuri, na wakulima wetu wanaitegemea. Kama mtoto wako anaharisha muda mrefu na hakui, mpeleke hospitali. Usimwachishe ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu akiacha kuila, kipimo kinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayejitibu kwa kukisia naye hayuko mbali.

Neno la mwisho, maana yule mama alituuliza: Komunyo ya Kwanza je? Hostia ni ya ngano. Barua za Vatikano za mwaka 2003 na 2017 zinaeleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, lakini yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Asiyeiweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Kikombe chake kiwe kingine, kisichotiwa kipande cha hostia. Mzazi amwone paroko mapema, asingoje asubuhi ya sherehe.

Binti huyo sasa amerudi shuleni na amenenepa. Mama yake ndiye mwekaji wa ufunguo wa sanduku la kile kinu. Tulimchagua sisi wote, bila kura. Tulijua hatasahau kuuliza.

Haya, njoni muonje. Chapati za kwanza ziko tayari.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Mashine iliyo karibu nanyi inasaga nini? Nani atakwenda kumwuliza mwenyewe, kwa heshima?

2. Je, kuna mtoto kijijini anayeharisha muda mrefu? Nani atawasindikiza wazazi hospitali?

3. Kikundi chetu kinauza chakula gani sasa, na mnunuzi anatuamini kwa jambo lipi asiloweza kulikagua mwenyewe?