Maziwa ya Majani na Maziwa ya Pumba

Mazungumzo ya mwanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi



Nimepewa dakika chache nizungumzie swali linaloletwa kila tunapogawa mikopo ya ng'ombe: fedha iende kwenye pumba au kwenye majani? Na wateja wetu nao wanasema maziwa ya ng'ombe wa majani ndiyo maziwa. Je, ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu. Ile rangi ya manjano mnayoiona kwenye siagi wakati wa masika inatokana na karotini, iliyo nyingi katika majani mabichi. Kiangazi, ng'ombe akila mabua na pumba, siagi inapauka. Lakini rangi isikudanganye. Jersey maziwa yake ni ya manjano kuliko ya Friesian hata wakila hori moja, na mbuzi umshibishe majani utakavyo, maziwa yake ni meupe tu! (Kicheko.) Maziwa ya majani mabichi pia yana zaidi yale mafuta yanayoitwa omega-3. Kwa protini na kalsiamu tofauti ni ndogo, kwa hiyo mama mwenye ng'ombe wa pumba asidhani amemnyima mtoto wake.

Sasa pumba. Pumba na mashudu yanaongeza lita, hilo hatulibishi. Ng'ombe wa kisasa kwa majani matupu hafikii uwezo wake. Shida ni yule anayejaza ndoo ya unga na pumba, halafu majani anatupia kiganja kimoja. Tumbo la kwanza la ng'ombe linataka nyuzinyuzi. Vijidudu vilivyomo humo huchachusha majani, na sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa inaanzia hapo. Unga ukizidi, tumbo linakuwa na asidi, ng'ombe anapunguza kucheua, anaharisha, na mafuta ya maziwa yanashuka. Na kwa vile tunauza kwa lita, hasara hiyo huioni upesi. Utaiona siku ya kulipa deni la dukani.

Wako wanaosema hawana eneo la malisho. Mpaka wa shamba unao? Panda kaliandra. Utafiti uliofanyika Embu, Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Changanya na matete, usimpe hayo peke yake.

La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Mahindi yakiota kuvu tunasema, "Haya si ya watu, mpe ng'ombe." Jamani! Sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mashudu yaliyolowa nayo ni hivyo hivyo. Majani mabichi ya shambani hayana balaa hilo kwa kiasi kama hicho.

Kwa hiyo naiomba kamati ya mikopo, kabla ya kumpa mtu fedha za pumba, imuulize maswali mawili: majani anayo ya kutosha? Na magunia atayaweka juu ya chaga au sakafuni?

(Makofi na vigelegele.)